Mmea wako hautoi chavua? Jinsi ya kumsaka mkosaji mpaka ndani ya mitokondria

Unapita shambani asubuhi mahindi yametoa mbelewele, unatikisa mmea mmoja hamna vumbi, unatikisa tena hamna, wakati wenzake wa kulia na kushoto wanamwaga unga wa njano mpaka unapiga chafya. Inaweza kuwa alizeti, mpunga au kitunguu kilichochanua, hadithi ni ile ile: ua lipo, upande wa kike uko vizuri kabisa, ila upande wa dume ndo hamna kitu. Huo ndo utasa wa dume, na kwa mtu wa mbegu ni kama kuokota hela njiani, maana mmea usioweza kujichavusha unaupanda kama mama, pembeni unampanda baba, na kila mbegu utakayovuna juu ya mama ni chotara bila wewe kukaa unahasi ua moja moja kwa mkono.

Sasa kazi ni kujua tatizo liko wapi, kwenye kiini cha seli au kwenye mitokondria (vile vijumba vidogo ndani ya seli vinavyotengeneza nishati, vyenye DNA yao wenyewe), na kama ni mitokondria basi ni jeni gani humo ndani. Naanza na onyo kabisa: kusoma DNA kunakuja mwisho. Mimi mara ya kwanza nilikimbilia maabara kabla sijafanya krosi (kuchavusha mmea mmoja kwa chavua ya mwingine kwa makusudi) hata moja, nikatuma sampuli, nikaletewa lundo la data, nikalichambua wiki kadhaa, kumbe ule mmea ulipigwa baridi tu wakati maua yanatengenezwa na msimu uliofuata watoto wake walitoa chavua kama kawaida. Kwa hiyo fuata mpangilio huu, usiruke.

Hakikisha ni tasa kweli

Kabla ya chochote uokoe mmea wenyewe. Tasa hawezi kujizalisha, akifa umempoteza. Mchavushe baadhi ya maua kwa chavua ya jirani ili upate mbegu, na kama ni zao linaloweza kuzalishwa kwa kipandikizi, kichipukizi au kwa kuachia shina lichipue upya, fanya hivyo pia. Kitunguu cha kwanza tasa kilichokuja kuzaa biashara nzima ya vitunguu chotara kilikuwa mmea mmoja tu, uliookotwa California mwaka 1925, na ulipona kwa sababu ulikuwa unatoa vitunguu vidogo vidogo juu kwenye kichwa cha ua, wakavipanda hivyo hivyo. Bila vile vitunguu vidogo pengine habari ingeishia palepale.

Alafu chukua vifuko vya chavua KABLA havijapasuka. Hapa ndo wengi wanachemka, mtu anaenda shambani saa sita mchana, vifuko vishapasuka na chavua ishapeperuka, anaweka kwenye hadubini anakuta maganda matupu, anaandika "tasa". Kwa mpunga chukua vile vichanua vitakavyofunguka kesho yake. Kama huwezi kuangalia siku hiyo hiyo, tumbukiza kwenye alkoholi ya asilimia 70, vitakaa.

Rangi ya kwanza ni ayodini: yeyusha gramu 2 za potasiamu ayodaidi kwenye maji kidogo, tia gramu 1 ya ayodini, koroga mpaka iyeyuke ndipo ujazie maji mpaka mililita 100 (ukianza na ayodini peke yake kwenye maji utakoroga mpaka jioni). Ponda kifuko kwenye tone moja, toa maganda, funika, angalia. Chavua nzima ya nafaka imejaa wanga kwa hiyo inakuwa ya mviringo na nyeusi tii yenye ubluu, chavua iliyokufa inabaki njano, imesinyaa, ina pembepembe. Hesabu angalau 300 kutoka maua tofauti, usihesabu ua moja ukaridhika.

Hapo kuna mitego miwili. Wa kwanza, si kila zao linaweka wanga kwenye chavua iliyokomaa. Alizeti na jamii ya kabichi chavua yao ina mafuta zaidi, ukiwapima kwa ayodini unaweza kuwahukumu wote ni tasa. Kwa hao tumia rangi ya Alexander, ambayo chavua hai inashika wekundu wa zambarau na iliyokufa inabaki kijani cha bluu. Mtego wa pili ni mbaya zaidi: kuna utasa ambao chavua inakufa ikiwa imeshachelewa, ishajaa wanga. Mpunga wenye saitoplazimu (ute wa seli nje ya kiini, ambamo mitokondria zinakaa) inayoitwa BT uko hivyo, ukipaka ayodini chavua inashika rangi na unasema huyu mzima, kumbe haioti. Ndo maana hadubini peke yake haitoshi.

Kwa hiyo funika. Vika mfuko wa karatasi kichwa cha ua kabla hakijafunguka, uache mpaka mbegu zionekane. Ndani ya mfuko hamna mbegu, na ua lingine la mmea huo huo ulilopaka chavua ya jirani limejaa mbegu, basi hapo unaweza kusema kwa mdomo mpana kwamba dume ni tasa na jike ni zima. Kama hata hilo la pili halina mbegu, una tatizo lingine, si hili.

Na usisahau mazingira. Baridi au joto kali wakati seli za chavua zinagawanyika, ukame wakati huo huo, upungufu wa shaba au boroni kwenye udongo, vyote vinaua chavua. Panda watoto wake au vichipukizi vyake sehemu nyingine, msimu mwingine, uone kama utasa unabaki.

Krosi ndo zinazokuambia mkosaji anakaa wapi

Mitokondria inarithiwa kwa mama kwenye mazao karibu yote tunayolima. Baba anatoa nusu ya kiini, basi, saitoplazimu yote ni ya mama. Kwa hiyo utasa unaotoka mitokondria unafuata ukoo wa kike, na kuna majina matatu utakayokutana nayo kila mahali: laini A ni tasa, ana saitoplazimu mbaya na hana jeni ya kuirekebisha kwenye kiini. Laini B ni pacha wake, kiini kile kile ila saitoplazimu ya kawaida, anatoa chavua, kazi yake kumchavusha A ili A aendelee kuwepo. Laini R ana jeni ya urejeshaji kwenye kiini, ukimpa A chavua ya R watoto wanazaa kama kawaida, na hao ndo chotara anaopelekewa mkulima.

Chukua mmea wako tasa, mchavushe kwa baba wengi tofauti. Usitumie baba mmoja! Nasisitiza kwa sababu hii: ukitumia baba mmoja na watoto wote wakawa wazima, huna ulichojifunza, inaweza kuwa ni jeni ya kawaida ya kiini iliyojificha (haionekani mpaka irithiwe kwa baba na mama), au inaweza kuwa ni mitokondria na baba uliyemtumia kwa bahati ana jeni ya urejeshaji. Tumia baba kumi, kumi na tano, wa asili tofauti. Ukipata baba mmoja ambaye watoto wake WOTE ni tasa, alafu ukawachavusha hao watoto tena kwa baba huyo huyo na wajukuu WOTE ni tasa, na tena hivyo hivyo, hapo saitoplazimu imejitaja yenyewe. Jeni ya kiini iliyojificha haifanyi hivyo, hiyo inakupa robo tasa kwenye kizazi cha pili ukiachia cha kwanza kijichavushe, au nusu kwa nusu ukimrudishia baba aliyebeba nakala moja.

Alafu kuna jaribio moja tamu ambalo watu wanalisahau. Mmea tasa huwezi kumtumia kama baba, sawa, sasa utageuzaje krosi? Mtumie mtoto aliyerejeshwa, yaani A kwa R, ambaye ana saitoplazimu mbaya na nakala moja ya urejeshaji. Mfanye mama na B awe baba: nusu ya watoto ni tasa. Geuza, B awe mama na yeye awe baba: watoto wote wazima, kwa sababu saitoplazimu ni ya B. Jeni zile zile za kiini, tofauti ni nani alikuwa mama. Mimi hilo jaribio nalipenda kuliko PCR yoyote (kipimo cha maabara kinachonakili kipande cha DNA unachokitafuta mpaka kionekane).

Ukiwa hapo hapo mwangalie mtoto aliyerejeshwa kwa hadubini. Kama chavua yake karibu yote ni nzima, urejeshaji unafanya kazi kwenye mmea mzima, na ukiachia ajichavushe kwa jeni moja utapata watatu wazima kwa mmoja tasa. Kama nusu ya chavua imekufa na nusu nzima, urejeshaji unafanya kazi ndani ya kila punje ya chavua kivyake, iliyopata jeni inapona na iliyokosa inakufa, na hapo kizazi cha pili hutapata tasa hata mmoja kwa sababu chavua yote iliyofanikiwa ilikuwa na jeni. Mahindi ya aina ya S na mpunga wa BT wako kundi hili la pili, mahindi ya aina ya T na mpunga wa WA wako la kwanza (herufi hizo ni majina ya saitoplazimu za utasa). Ukikosa kujua hili utakaa unatafuta "robo tasa" ambayo haipo, na utaanza kugombana na waliokusaidia kuhesabu.

Ukishampata baba asiyerejesha, anza kumrudishia, yaani watoto tasa wa kila kizazi uwachavushe kwa baba huyo huyo. Krosi ya kwanza ina nusu ya kiini chake, kila ukirudisha unapunguza mabaki ya mama kwa nusu, ukifika mara ya sita uko zaidi ya asilimia 99. Sasa una A na B wanaofanana kiini na kutofautiana saitoplazimu. Kazi yote inayofuata inategemea hii jozi. Ukilinganisha tasa wa ukoo mmoja na mzima wa ukoo mwingine kabisa utapata tofauti elfu kwenye mitokondria na 999 hazihusiani na utasa.

Kidogo kuhusu mitokondria ya mmea, maana si kama ya binadamu

DNA ya mitokondria ya binadamu ina herufi 16,569, kaduara kamoja kadogo kasafi. Ya mahindi ni kama 570,000, ya Arabidopsis, kale kammea ka maabara, kama 367,000, na kuna ua pori liitwalo Silene conica linafika milioni 11. Jeni zenyewe si nyingi hivyo, ni kama hamsini au sitini tu, sehemu kubwa ni nafasi katikati, vipande vya kloroplasti (vile vijumba vya kijani vya jani, navyo vina DNA yao) vilivyohamia humo, vipande vya kiini, na marudio. Marudio ndo yenye fujo. Kipande kikijirudia sehemu mbili, DNA inakatana na kuungana hapo, inajipanga upya, vitu vinavyokaa mbali vinajikuta vimeshikana. Mara nyingi haidhuru. Mara moja moja kichwa cha jeni hii kinaunganishwa na mkia wa jeni ile na katikati wanaingiza kitu kisichojulikana kimetoka wapi, na hicho kijeni kipya kinasomeka, kinatoa protini, protini inakaa kwenye utando wa mitokondria na kuharibu mambo.

Mfano wa kwanza kueleweka vizuri ni mahindi ya saitoplazimu T, yaliyotokea Texas. Jeni yake inaitwa T-urf13, imeshonwa kutoka vipande vya rrn26, ambayo kazi yake halisi si kutengeneza protini hata kidogo, na kipande cha mbele ya atp6, jeni ya kawaida ya mitokondria, kinachoiwasha. Protini yake, URF13, ni ndogo, amino asidi (matofali ya protini) 115, inakaa kwenye utando wa ndani.

Kwa nini majani na mizizi havidhuriki? Sehemu ya jibu ni tapetamu, yale matabaka ya seli yanayolisha chavua changa. Kwenye mahindi mitokondria za tapetamu zinaongezeka mara 40 hivi wakati huo, kazi ni kubwa kupita kawaida, kwa hiyo kasoro ambayo jani linaivumilia, hapo inaua. Kwenye alizeti tasa seli za tapetamu zinajiua mapema kabla ya wakati wake na chavua inakosa malezi.

Swali la mtu mjanja: saitoplazimu ina kloroplasti pia, nayo ni ya mama, utajuaje si yenyewe? Jibu zuri limetoka kwenye figili. Utasa wa Ogura ulionekana Japani kwenye figili mwaka 1968, wakauhamishia kwa jamii ya kabichi kwa krosi, ukafanya kazi lakini majani yakawa yanageuka manjano kwenye baridi. Wakachukua seli zilizovuliwa ukuta wakaziunganisha, wakapata mimea yenye kloroplasti ya kabichi na mitokondria yenye vipande vya figili: majani kijani, dume bado tasa. Umanjano ulikuwa wa kloroplasti, utasa wa mitokondria.

Kusoma jenomu (DNA yote ya mitokondria) bila kujichanganya

Otesha mbegu za A na B gizani, siku saba mpaka kumi, upate miche myeupe. Jani la kijani limejaa DNA ya kloroplasti itakayokumezea nusu ya data yako. Si lazima utenge mitokondria kwanza, DNA ya mmea mzima inatosha siku hizi kwa sababu mitokondria ina nakala nyingi kuliko kiini, ila kama una sentrifuji (mashine ya kutenga vitu kwa kuzungusha) nzuri na subira, kutenga ni kuzuri zaidi. Uchimbaji wa DNA kwa CTAB (aina ya sabuni ya maabara) wa kawaida unafaa, mradi ufanye taratibu, usipige pipeti kwa fujo, DNA isikatike katike.

Tumia usomaji wa vipande virefu. Vifupi peke yake vitakufia kwenye marudio: rudio la herufi elfu tano na kipande chako ni mia na hamsini, hujui kinaingia upande gani wala kinatoka upande gani. Unataka vipande vinavyovuka rudio zima na kubaki na mkia pande zote mbili, herufi elfu kumi kwenda juu. Vifupi viweke vya kusahihisha makosa tu. Unganisha vipande kwa programu ya kompyuta kama Flye, alafu angalia grafu yake (mchoro wa jinsi vipande vinavyoungana) kwa macho yako mwenyewe, usichukue tu faili la mwisho.

Na hapo naomba usilazimishe duara. Vitabu vinachora duara moja kubwa, mimea haijasoma hivyo vitabu. Utakuta maduara kadhaa, mistari, matawi, mpangilio mmoja mwingi na mwingine kidogo kidogo, vyote kwenye mmea mmoja. Tango lina jenomu ya mitokondria iliyogawanyika kromosomu tatu na hamna shida. Andika ulichokiona.

Kina cha usomaji, yaani kila sehemu imesomwa mara ngapi, ndo rafiki yako wa kuchambua nani ni nani: kiini kinasomwa mara chache, mitokondria mara nyingi zaidi, kloroplasti nyingi kupita zote. Kipande kinachofanana na kloroplasti lakini kimeunganika na mitokondria pande zote mbili, na kimesomwa kwa kina cha mitokondria, hicho ni mhamiaji wa kweli, kiache. Kipande kinachofanana na mitokondria lakini kimesomwa kwa kina cha kiini, hicho ni nakala iliyohamia kiini, kitoe. Usidharau, kwenye Arabidopsis kromosomu ya pili imebeba kipande cha mitokondria cha zaidi ya herufi laki sita, kikubwa kuliko mitokondria yenyewe.

Kumtaja mkosaji

Sasa weka A na B sambamba. Toa orodha ya fremu zote zinazosomeka (sehemu za DNA zinazoweza kutafsiriwa kuwa protini) zenye kodoni, yaani herufi tatu tatu, 100 au zaidi (shuka mpaka 70, maana orf79 ya mpunga wa BT ina amino asidi 79 tu na ukikata kwenye 100 umeshaitupa). Futa zote ambazo B anazo pia. Zilizobaki zipange kwa maswali haya: je, imeshonwa kwa vipande vya jeni zinazojulikana? Je, ina sehemu inayopenda kukaa kwenye utando? Je, iko jirani na jeni ya kawaida inayosomwa pamoja nayo? Swali la tatu lina uzito sana kwa sababu jeni hizi zisizo na wazazi zinadandia. orf79 imekaa nyuma ya atp6 na mwanzo wake unafanana na cox1, jeni ya mnyororo wa upumuaji. orf522 ya alizeti iko nyuma ya atp1, na mwanzo wake umekatwa kutoka jeni nyingine ya familia hiyo ya ATP. WA352 ya mpunga iko nyuma ya rpl5. Ukiona fremu mgeni imening'inia nyuma ya jeni ya ATP au ya mnyororo wa upumuaji, ipandishe juu ya orodha.

Angalia RNA (nakala ya jeni inayotumika kutengeneza protini) vile vile, si DNA pekee. Mitokondria ya mmea inahariri RNA yake, inageuza C kuwa U mamia ya sehemu, kwa hiyo protini unayoitafsiri moja kwa moja kutoka DNA inaweza kuwa si yenyewe, saa ingine hata kodoni ya kuanzia inapatikana baada ya kuhariri. Chukua RNA kutoka vifuko vichanga vya chavua, si jani.

Kuwepo kwa fremu ndani ya A si ushahidi, ni tuhuma tu. Ushahidi wa kwanza ni mtoto aliyerejeshwa. DNA ya mitokondria yake ni ile ile ya A, ila amepona, kwa hiyo linganisha A, B, na A kwa R: kwa mkosaji wa kweli mara nyingi utaona RNA imekatwa au imepungua kwa aliyerejeshwa, au protini imetoweka. Jeni nyingi za urejeshaji zinatengeneza protini za familia ya PPR zinazoshika RNA, ya kwanza kupatikana ilikuwa ya petunia mwaka 2002. Lakini usiweke hii kama sheria ya chuma! Kwenye mpunga wa WA, jeni ya urejeshaji Rf4 inapunguza RNA wakati Rf3 inaiacha RNA ilivyo na protini ndo inayopungua, kwa hiyo ukiangalia RNA tu kwa mtoto wa Rf3 utamwachia mkosaji huru. Na kwenye mahindi ya T, Rf2 haigusi kiasi cha protini ya URF13 kabisa, yenyewe ni kimeng'enya cha kusafisha aldehaidi, haimfungi mwizi, inatibu majeraha.

Ushahidi wa pili ni waliopona wenyewe. Mahindi ya T yaliyokuzwa kwenye chupa za maabara yalitoa mimea iliyorudisha chavua, na walipoangalia, wengi wamepoteza T-urf13, na mmoja amebaki nayo ila kuna herufi tano zimeingia katikati na kuvuruga usomaji. Ukibahatika kupata tawi lililopona kwenye laini yako A, usilitupe kama uchafu, hilo ni dhahabu.

Ushahidi wa tatu ni kuifuta jeni kwa makusudi. Kwa muda mrefu haikuwezekana kwenye mitokondria, mpaka mwaka 2019 walipotumia TALEN (mikasi ya DNA unayoielekeza wapi ikate) zilizopewa anwani ya kuingia mitokondria, wakakata orf79 kwenye mpunga na orf125 kwenye kanola, na mimea ikazaa. Kama huna uwezo huo, kuna njia ya kinyume: weka jeni yako kwenye kiini cha mmea mzima ukiiambatisha anwani ya mitokondria uone kama atakuwa tasa. WA352 ilithibitishwa hivyo. Ila kwa jeni nyingine njia hii imegoma, kwa hiyo jibu la hapana hapo si hapana kweli.

PCR ya kila siku na jinsi inavyodanganya

Ukishamjua mkosaji, tengeneza praima (kipande kifupi cha DNA kinachoonyesha PCR ianzie wapi) moja ndani yake na nyingine kwenye jeni ya jirani, ili bendi (mstari unaoonekana kwenye jeli ukiipima) itoke pale tu mshono upo. Weka jozi nyingine ya kuonyesha mpangilio wa kawaida wa B. Faida yake utaiona kwenye vitunguu: bila alama ya DNA, kujua mmea mmoja una saitoplazimu gani kwa krosi inachukua miaka 4 mpaka 8, kwa sababu kitunguu kinachanua mwaka wa pili. Kwa PCR ni siku moja na kipande cha jani.

Sasa uongo wake. Mpangilio wa A unaweza kuwepo ndani ya B kwa kiasi kidogo mno, nakala moja kwenye mamia, kimya, haidhuru chochote. PCR ya mizunguko 40 inaipata na kukuonyesha bendi. Nilishawahi kutupa mfuko mzima wa mbegu za B nikidhani umechanganyika na A, kumbe mizunguko ilikuwa mingi. Tumia 25 hadi 28, weka A halisi na B halisi kwenye jeli hiyo hiyo kila mara, na ukiwa na shaka tumia PCR ya kupima kiasi. Alafu kumbuka bendi inakuambia saitoplazimu tu. Mmea wenye bendi na jeni ya urejeshaji utatoa chavua vizuri tu, kwa hiyo pima zote mbili kabla hujamwita mtu tasa.

Kabla hujazalisha kwa wingi

Mahindi ya T yalipendwa sana Marekani kwa sababu yaliondoa kazi ya kukata mbelewele, mpaka mwaka 1970 karibu asilimia 85 ya mahindi ya huko yakawa na saitoplazimu hiyo moja. Ikaja kuvu ya baka la majani, aina iitwayo T, ambayo sumu yake inashika ile ile protini ya URF13 na kutoboa matundu kwenye mitokondria. Takriban asilimia 15 ya mavuno ya nchi nzima yakaenda. Na si kwamba hamna aliyeona, Ufilipino waliripoti mwaka 1961 kwamba mahindi ya T yanaumwa zaidi. Kwa hiyo jeni yako mpya iangalie na upande huo: panda A na B pembeni kwa pembeni sehemu zenye magonjwa mengi, misimu miwili angalau, na kama A anaumwa kuliko pacha wake, tatizo liko kwenye saitoplazimu na kurudishia hakutaliondoa. Tafuta chanzo cha pili cha utasa mapema, kabla wateja hawajazoea cha kwanza.

Shambani tenga A na B mistari tofauti, tia alama zisizofutika na mvua, na siku tatu za mwanzo za kuchanua pita kila asubuhi kwenye mistari ya A kabla chavua ya B haijaanza kupepea, ukikuta mmea wa A unaotoa vumbi ung'oe palepale, ila kata kwanza kipande cha jani ukiweke kwenye alkoholi na uandike namba ya mstari. Baadhi ya hao watakuwa mbegu za B zilizochanganyika kwenye mfuko, na PCR itakuambia hivyo. Wenye bendi ya mkosaji na bado wanatoa chavua ndo wa kukaa nao chini.